Picha za giza hazitaki jini

Umezuka mtindo ng'ambo, nao sasa unabisha hodi hata kwetu Bonde la Ufa, wa kuitazama picha ya zamani ya mauaji huku mkononi una gilasi ya pombe iliyochanganywa makusudi ilingane na picha hiyo. Picha zenyewe ni zile ambazo Wafaransa walizibandika jina la "nyeusi" mwaka 1946. Mimi nitaziita picha za giza. Ni picha zilizotengenezwa Marekani tangu mwanzo wa miaka ya 1940 hadi mwishoni mwa miaka ya 1950: hazina rangi, vivuli vyake ni virefu, mvua yake ni ya usiku, mwanamume ana kofia na sigara, na mwanamke ndiye yule ambaye ukimwamini umekwisha. Mwaka 2023 Mmarekani Eddie Muller, bingwa wa picha hizo ambaye huzitangaza katika televisheni ya kwao, alitoa kitabu kizima cha kuzioza picha 50 kwa vinywaji vyake. Huyo ni mtu azijuaye kazi hizo kuliko wengi wetu, wala sina ugomvi naye. Kwao ni kwao.

Ugomvi wangu ni na hao wanaotaka kuupanda mtindo huo Nakuru na Naivasha na mizizi yake yote, kana kwamba hapa palikuwa jangwa, hapakuwa na historia ya gilasi wala ya picha. Ipo, tena nzito. Na anayeijua historia hiyo hatakubali kuambiwa kwamba picha za giza haziwi picha za giza mpaka baa iwe wazi.

Jambo hili si mchezo wa maneno. Kijana mmoja wa mtaa wa Bondeni hapa Nakuru, aliyezipenda picha hizi kwa sababu zinamfundisha jinsi ya kusimulia kisa kwa mwanga na kivuli tu, amekuwa akitafuta ukumbi wa kuwaonyesha wenzake mara moja kwa mwezi. Kila anakopiga hodi jibu ni moja: ukumbi atapewa bure, bora watazamaji wanunue pombe. Basi wenzake nusu, ambao ni watoto wa Kiislamu, wataambiwa nini nyumbani? Wengine si Waislamu ila ni watoto wa watu wasiotaka kuwaona wakiingia baa kwa kisingizio cha elimu. Majumba mengi ya sinema ya zamani katika nchi hii yamekwisha fungwa, mengine yamegeuzwa makanisa na mengine maduka. Ikiwa mahali palipobakia pa kukaa watu wengi gizani wakatazama picha moja ni baa, basi tumekwisha wagawa watazamaji kabla taa hazijazimwa.

Nianze na neno lenyewe. Kiswahili chetu kina jambo la kuchekesha: kinywaji cha Waingereza na kiumbe asiyeonekana vyote twaviita jini. Kando ya ziwa Naivasha iko nyumba ambayo Wazungu waliiita "Djinn Palace", yaani Kasri la Jini. Imejengwa kwa mtindo wa Morocco, ina kuba, hata mtu wa Lamu au Mvita akiiona kwa mbali hakosi kudhani ni msikiti. Aliyeijenga ni Cyril Ramsay-Hill. Mkewe, Mary, alimwacha akaolewa mwaka 1930 na Josslyn Hay, Lord Erroll, naye ndiye akaja kuwa bwana wa nyumba ile. Wageni waliokuwa wakifika pale waliyajua majini ya aina zote mbili, ila lile la chupani ndilo lililokuwa likihudhuria kila jioni.

Erroll alikuja Kenya mwaka 1924 na mke wake wa wakati ule, Idina, wakakaa bonde la Wanjohi, upande wa juu wa Gilgil, chini ya milima ya Nyandarua. Hao na wenzao ndio waliolitia bonde lile sifa mbaya hata likaitwa na Waingereza "Happy Valley", bonde la raha. Tusisahau kwamba pale walipokuwa wakistarehe, chini huku Naivasha na Nakuru, palikuwa malisho ya Wamaasai mpaka walipohamishwa kwa mkataba wa 1904. Raha ile ilikuwa na bei, na waliolipa si wale waliokunywa.

Hata wanywaji nao walilipa mwishowe. Mary alifariki mwaka 1939, mwili wake umekwisha haribiwa na pombe na madawa ya kulevya. Usiku wa tarehe 23 Januari 1941, katika klabu ya Muthaiga, Nairobi, walikaa mezani Erroll, Sir Jock Delves Broughton, na mke wa Broughton aitwaye Diana. Bibi huyo alikuwa ameolewa miezi michache tu iliyopita, naye na Erroll walikuwa wamependana waziwazi. Broughton, mume mtu, akainua gilasi ya shampeni akawatakia heri hao wawili mbele ya watu. Saa chache baadaye, alfajiri ya tarehe 24, Erroll alikutwa ndani ya gari lake karibu na Karen, amepigwa risasi ya kichwa. Broughton alishitakiwa, akaachiliwa Julai mosi mwaka uo huo, akarudi Uingereza, na Desemba 1942 akajiua Liverpool. Hakuna mtu aliyepata kutiwa hatiani kwa mauaji yale hata leo. Diana aliolewa na Gilbert Colvile, tajiri wa Naivasha, kisha na Lord Delamere wa nne, akaishi Soysambu karibu na ziwa Elmenteita, akafariki mwaka 1987. Mwaka huo huo ndio Michael Radford alipotoa picha ya kisa hicho, "White Mischief", kutokana na kitabu cha James Fox cha 1982.

Sasa nitazame tarehe hizo. Picha ambayo wengi huihesabu kuwa mwanzo wa picha za giza, "The Maltese Falcon" ya John Huston, ilitoka Oktoba 1941, miezi tisa baada ya risasi ile ya Karen. Kwa hiyo Bonde la Ufa lilikuwa na picha yake ya giza kabla Hollywood haijamaliza kutia mkanda kwenye mashine. Mke, mume, hawara, gari usiku, bastola isiyopatikana, na juu ya yote gilasi iliyoinuliwa kwa tabasamu. Gilasi ile ya Muthaiga haikuwa pambo la meza. Ndiyo iliyokuwa kisa chenyewe.

Lakini kuna mtu mmoja ambaye katika masimulizi mengi ya kisa hiki hana jina, naye ndiye ninayemtafuta mimi: aliyebeba sinia. Mpishi, boi, mtumishi wa mezani. Huyo ndiye aliyejua nani kanywa nini, na nani, na saa ngapi. Yeye mwenyewe sheria ilikuwa imemkataza. Mkataba wa Brussels wa 1890, na baadaye ule wa Saint-Germain wa 1919, ulipiga marufuku kuwauzia Waafrika pombe kali zilizotoka ng'ambo katika sehemu kubwa ya bara hili, na Kenya ya wakoloni ilishika sheria hiyo hadi katikati ya miaka ya 1950. Mwafrika aliyekuwa akikamua limau ndani ya jini la bwana wake angeweza kufungwa kwa kulionja. (Mtumishi Mwislamu alikuwa na amri yake tangu zamani, isiyongoja saini ya gavana.) Wala haikuwa pombe tu. Wakaguzi wa filamu wa serikali ile waliweza kuipitisha picha moja kwa Wazungu na kuikataza kwa Waafrika, hasa zilizoonyesha uhalifu, bastola, na wanawake wa Kizungu wenye tabia zisizowapendeza mabwana. Ni picha gani hizo kama si hizi hizi za giza?

Basi ona kioja. Huo unaoitwa leo uungwana mpya, gilasi ya jini pamoja na picha ya mauaji, ni jozi ileile ambayo babu zetu hapa walizuiliwa vyote viwili kwa sababu ya rangi yao. Watu wengine husema: ndiyo maana sasa tuvishike vyote viwili kwa pamoja, tumekwisha pata uhuru. Mimi nasema uhuru ni kuchagua. Picha waliyonyimwa wazee wetu kwa kudhaniwa ni watoto wasiojua kupambanua, hiyo ni haki yetu na tuitazame mpaka macho yachoke. Jini walilonyimwa, ambaye hakulitaka hana deni nalo.

Tena nitasema jambo ambalo waoanishaji hawalisemi sana. Picha zenyewe hazilisifu gilasi. Hollywood ya siku zile ilikuwa chini ya kanuni kali za maadili, zilizoandikwa mwaka 1930 na kusimamiwa kwa ukali tangu 1934 hadi zilipofutwa 1968. Moja katika kanuni hizo ilikuwa kwamba pombe isionyeshwe ila pale kisa au tabia ya mhusika inapoilazimisha. Maana yake ni kwamba gilasi unayoiona katika picha hizo haikuwekwa pale kuipamba meza, bali imekuja kufanya kazi. Na kazi yake, mara nyingi, ni mbaya.

Katika hiyo "The Maltese Falcon" mpelelezi Sam Spade, aliyechezwa na Humphrey Bogart, anamiminiwa kinywaji na mtu mnene mwenye maneno matamu, anakunywa, anaanguka: kilitiwa dawa. Katika "The Lost Weekend" ya Billy Wilder, iliyotolewa 1945 na kushinda tuzo ya Oscar ya picha bora, mwandishi wa vitabu anazunguka jijini New York na taipureta yake akitafuta pa kuiweka rehani apate pesa ya chupa, naye anakuta maduka yote ya rehani yamefungwa kwa kuwa ni siku ya saumu ya Mayahudi. Yaani mtu anataka kuuza kalamu yake ili anywe, na saumu ya watu wengine inamziba njia. Sijui kinywaji gani mtu mwenye akili angekioanisha na picha ile.

Iko na "D.O.A." ya mwaka 1950. Mhasibu mmoja anakwenda San Francisco kustarehe, anaingia baa, mtu asiyemjua anambadilishia gilasi, na kesho yake daktari anamwambia ana sumu mwilini isiyo na tiba. Siku alizobakiwa nazo anazitumia kumtafuta aliyemuua. Mmarekani anaweza kuitazama picha hiyo na gilasi mkononi akacheka, kwamba ni ndoto ya mtunzi. Mkenya hawezi. Novemba 2000 katika mitaa ya Mukuru, Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Yamerudiwa mara kadhaa tangu siku hizo, mahali pengine na pengine. Kwetu gilasi yenye sumu si mbinu ya mtunzi. Sheria ya vileo ya 2010, iliyopunguza saa za baa na kuihalalisha chang'aa kwa masharti, ilipelekwa bungeni na John Mututho aliyekuwa mbunge wa Naivasha, penye kasri lile lile la jini. Ama kweli mji hauachani na habari zake.

Huenda msomaji akauliza: kama gilasi ni mhusika katika picha hizi, je, zinaweza kusimama bila yake? Zinaweza, na ushahidi wake watu wa pwani wanao tangu zamani, ila hawakupata kuuita kwa jina hilo. Nani aliyekuwa akienda sinema Mombasa, Malindi au Unguja asimjue Dev Anand? "Baazi" ya 1951, aliyoiongoza Guru Dutt, na "C.I.D." ya 1956, ambayo Guru Dutt aliigharimia na Raj Khosla akaiongoza, ni picha za giza tupu: mcheza kamari, inspekta, mauaji, mwanamke mwenye siri, vivuli ukutani. Zimetengenezwa Bombay katika miaka ambayo sheria ya 1949 ilikuwa imeipiga pombe marufuku katika jimbo zima. Ndani ya picha hizo ulevi umo, lakini umo pale unapostahili, katika mapango ya wahalifu. Na watazamaji wetu, waliokuja na njugu na bisi, hawakuona kimepungua kitu. Nyimbo ndizo zilizokuwa kileo chao, walitoka nazo mdomoni hadi nyumbani.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Misri. Mwaka 1958 Youssef Chahine alitoa "Bab el Hadid", picha ya siku moja katika stesheni ya reli ya Cairo. Yeye mwenyewe alicheza kuwa Qinawi, muuza magazeti kiwete aliyezidiwa na mapenzi mpaka akashika kisu. Na mwanamke aliyemtia wazimu, Hanuma, aliyechezwa na Hind Rostom, kazi yake ni nini? Anauza soda. Anabeba ndoo ya chupa baridi, anaparamia behewa, anawakimbia polisi kwa kuwa hana leseni. Kinywaji cha picha ile ya giza, inayotisha kushinda nyingi za Hollywood, ni soda. Mtu yeyote aliyesimama katika stesheni ya Nakuru au kituo cha mabasi pale mjini akawaona akina mama na vijana wakiinua ndoo zao madirishani, askari wa kanju wakitokea wakatawanyika, hahitaji kufasiriwa picha hiyo. Inasema Kiarabu lakini ni yetu.

Kwa hiyo, nikiombwa nioanishe, sitakataa. Mchezo wenyewe ni mzuri: mtu akishika kinywaji kinachotoka ndani ya picha, huitazama kwa makini zaidi. "Double Indemnity" ya 1944 hainipi shida yoyote. Bwana wa bima anakwenda kwa mke wa mtu mchana wa joto, mwanamke anamkaribisha chai ya barafu, na juu ya gilasi hiyo ya chai ndipo anapomuuliza kama inawezekana kumkatia mumewe bima ya ajali bila mwenyewe kujua. Bwana yule anatamani pombe ndani ya ile chai, lakini aliyeandika hakumpa. Mauaji yale yalipangwa kwa chai. Nasi hapa tuko jirani na Kericho: itengenezwe ya rangi, nzito, itiwe limau na barafu, na mtazamaji akifika mahali pale ataweka gilasi yake chini polepole, nawahakikishia.

"The Big Sleep" ya 1946 huanza ndani ya nyumba ya vioo ya kuoteshea maua, joto lake la kuua, jenerali mzee mgonjwa akimtazama mgeni akinywa brandi ambayo yeye mwenyewe hawezi tena kuinywa. Wanangu wa Naivasha waliopata kufanya kazi katika nyumba za maua kandokando ya ziwa, mashamba yaliyoenea mpaka ardhi ya Oserian palipo na kasri lile, wanalijua joto hilo kuliko Bogart. Hapo ni maji ya ukwaju, baridi, yenye sukari kidogo. "Bab el Hadid" ni soda, tena itolewe ndooni, si kwenye friji. Kwa "The Maltese Falcon" nashauri soda pia, lakini kila mtu afungue ya kwake mwenyewe. "C.I.D." ni kahawa tungu na kipande cha haluwa, maana kuna mahali pa kutamua na mahali pa kukunja uso. "The Lost Weekend" ni maji. Na "White Mischief" nataka itazamwe kwa chai ya maziwa iliyopikwa katika sufuria, ile iliyokuwa ikinywewa jikoni na wenye kubeba sinia baada ya wageni kwenda zao.

Linabaki suala la pesa, maana mwenye ukumbi si adui, naye ana kodi na stima za kulipa. Kikombe cha kahawa hakileti faida ya gilasi ya jini, hilo nakubali. Basi watazamaji walipe kiingilio, kama ilivyokuwa katika sinema zote za zamani, pesa mlangoni na tikiti mkononi, wala pasiwe na mambo ya bure yanayolipiwa baa. Serikali ya kaunti, ambayo tangu Nakuru ipandishwe kuwa jiji Desemba 2021 haiachi kujitapa na jina hilo, ina kumbi zake zinazokaa tupu usiku. Itoe mmoja kwa mwezi, kwa bei ambayo vijana wanaweza kuichanga. Jiji bila mahali pa kutazama picha ni mji mkubwa tu.

Na huo usiku wa kwanza, picha ianze baada ya sala ya Isha, wasichana wapate usafiri wa kurudi kabla ya saa tano, na muuza kahawa akae mlangoni na dele lake na makaa yake. Ila aambiwe mapema: asigonge vikombe mpaka muuaji ajulikane.